Mhadhara Elekezi kwa Vijana wa Fildi Kuhusu Sayansi ya Kuandaa na Kuwasilisha Mradi Bila Kumsumbua Mtu

Itifaki imezingatiwa.

Hata hivyo, kwa kuwa itifaki nayo ni somo, na mimi ni mwalimu, niizingatie tena kwa sauti. Ndugu Mwenyekiti wa kikao hiki, ambaye ametuma udhuru. Ndugu Kaimu Mwenyekiti, ambaye yuko njiani. Ndugu mwakilishi wa Kaimu, ambaye nimeambiwa ni mimi. Wakuu wa vitengo mliokaa nyuma karibu na mlango kwa sababu mnazozijua wenyewe. Mama yetu wa masijala, shikamoo. Dada wa mapokezi, uliyetufungulia ukumbi na kuniomba nimalize kabla ya saa nne kwa sababu chai ya wageni itaandaliwa humuhumu. Na nyinyi vijana wangu kumi na wawili wa fildi, kutoka Chuo cha Mipango, Hombolo, UDOM na kwingine ambako mmekuandika kwenye karatasi ya mahudhurio kwa mwandiko usiosomeka. Karibuni Dodoma. Baridi hii ya Julai na upepo wake mtavizoea. Vumbi hamtalizoea.

Nimeombwa nizungumze nanyi. Kwa usahihi wa kumbukumbu, nilijiomba mwenyewe, na dokezo langu halikupingwa ndani ya siku kumi na nne, jambo ambalo katika utumishi ni sawa na kukubaliwa kwa shangwe.

Mimi ni mtaalamu mbobezi wa miradi ya wanafunzi wa fildi. Hakuna chuo kinachotoa shahada hiyo, ndiyo maana sina mpinzani. Ninavyo vyeti vya ushiriki kumi na vinne, viwili kati yake vya semina ambazo nilikaa hadi mwisho. Nilifika katika wakala huu Julai 2014, ofisi zikiwa bado Dar es Salaam, nikiwa na barua ya kujitambulisha, viatu vya kuazima na ndoto. Viatu nilivirudisha. Tangu 2015 nipo hapa kwa utaratibu maalumu ambao sitauingilia leo.

Kwanza mjue mlipo. Wakala wa Serikali ni kiumbe cha Sheria ya Wakala za Serikali ya 1997, Sura ya 245. Watunga sheria waliona kwamba kazi kadhaa za wizara zikisogezwa pembeni kidogo, zikapewa mtendaji mkuu wake, mpango mkakati wake na uhuru wa kujiendesha, zitakwenda haraka. Ndipo tukapata wakala wa barabara, wa majengo, wa hiki na kile. Haraka hiyo mmeionja leo asubuhi. Mmekaa mapokezi tangu saa moja na nusu hadi saa tatu mkimsubiri mtu mwenye ufunguo. Wizarani mngesubiri hadi mchana.

Sasa tuingie kwenye mada, yaani uteuzi wa mada.

Mada nzuri ya mradi ni ile ambayo tatizo lake ni la zamani, linajulikana na kila mtu, na si la mtu yeyote. Samahani, nimesema tatizo. Katika ukumbi huu hakuna matatizo, kuna changamoto. Tatizo lina mwenyewe: ukilitaja tu, mtu atauliza nani amelisababisha. Changamoto haina baba. Imetushukia wote kwa pamoja, kama vumbi hili, na hakuna anayelihoji vumbi.

Katika wakala wetu changamoto iliyokomaa kuliko zote ni kupotea kwa majalada. Ninyi ni kizazi cha simu, kwa hiyo nieleze. Jalada lina upande wa barua, kila barua na namba yake ya folio pembeni, na lina upande wa madokezo, ambako wakubwa huandikiana. Hutoka masijala, huenda kwa aliyeandikiwa, hurudi masijala. Sheria ya Menejimenti ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Na. 3 ya 2002, inamtaka mkuu wa kila ofisi ya umma ahakikishe kumbukumbu zake zinatunzwa. Hiyo ni nadharia, na ni nzuri sana. Kwa vitendo, jalada huenda kwa Mkurugenzi, likatoka kwa Mkurugenzi likaenda kwa afisa, afisa akaenda safari ya kikazi Kigoma, na jalada likabaki ndani ya droo ambayo ufunguo wake nao umekwenda Kigoma. Ukiuliza liko wapi, utajibiwa bila kupepesa macho: "Lilipotea wakati wa kuhamia Dodoma."

Vijana, ishikeni sentensi hiyo. Uamuzi wa makao makuu kuhamia Dodoma ulipitishwa mwaka 1973. Julai 2016 Rais Magufuli akatangaza kwamba sasa tunahama kweli. Watu wakorofi hutazama tarehe hizo mbili wakaguna. Mimi huziona kama mpango kazi wenye heshima zake, usiomkimbiza mtu. Zamu yetu ilipofika, masijala yote ilipakiwa kwenye lori, na mimi nilipewa jukumu la kulisindikiza, yaani nilikaa juu ya maboksi tangu Kibaha hadi Gairo, ambako dereva alinihurumia akaniingiza mbele. Nawaambieni jambo ambalo sijawahi kuliandika popote: hakuna boksi lililoanguka. Hata moja. Lakini tangu siku ile lori lile limetwishwa majalada mengi kuliko lilivyoweza kubeba, likiwemo moja lililofunguliwa mwaka 2021.

Kwa macho yangu nimeona miradi tisa ya wanafunzi kuhusu kupotea kwa majalada, na yote niliilea kwa mkono wangu. Yote ilipata A au B. Hakuna jalada hata moja lililopatikana, na hilo ndilo lililouwezesha mradi uliofuata. Mkulima mwenye akili hali mbegu.

Kichwa cha mradi lazima kiwe kirefu, tena kiwe na nukta pacha. "Kutafuta Majalada Yaliyopotea" ni kazi ya mhudumu wa ofisi. "Tathmini ya Mchango wa Mifumo Shirikishi ya Menejimenti ya Kumbukumbu katika Kuimarisha Ufanisi wa Utoaji Huduma: Uchunguzi Kifani" ni taaluma. Msomaji akifika kwenye nukta pacha awe amekwishachoka. Aliyechoka haulizi maswali.

Mpango kazi. Hapa wengi hukosea, kwa kudhani mpango kazi unahusu kazi. Mpango kazi ni mchoro. Mwaka 1896 Mpoland mmoja, Karol Adamiecki, alibuni chati ya kuonyesha kazi zinavyopangana na muda. Miaka kadhaa baadaye Mmarekani Henry Gantt akaja na ya kwake, akaieleza kwa Kiingereza, na mpaka leo dunia nzima inasema chati ya Gantt. Adamiecki alichapisha ya kwake akiwa amechelewa, tena kwa Kipolandi. Sihitaji kuwafafanulia zaidi: anayekumbukwa si aliyeanza, ni aliyewasilisha kwa lugha ya wenye kikao.

Mnazo wiki nane. Wiki ya kwanza barua yako ya kujitambulisha inapokelewa, inagongwa mhuri, inatiwa kwenye jalada la wanafunzi wa fildi. Wiki ya pili jalada hilo linatafutwa. Wiki ya tatu unaombwa nakala, na ndiyo sababu mtu mwenye busara huja na nakala nne na hasemi kwamba anazo nne. Wiki ya nne unapangiwa msimamizi. Wiki ya tano msimamizi anarudi likizo. Wiki ya sita anauliza wewe ni nani. Hayo yote, kwenye chati, yachoreeni mstari mmoja mnene wa bluu na mwandike "Ukusanyaji wa Data za Awali". Wiki ya saba ni uchambuzi wa data. Wiki ya nane ni uwasilishaji. Mhadhiri wenu atakuja mara moja, atatia saini, atauliza basi la mwisho linaondoka saa ngapi.

Logibuku nayo inataka kipaji. Haifai kuandika "Leo nilitumwa chapati na maharage ya idara nzima." Andika: "Nilishiriki katika usimamizi wa mnyororo wa ugavi." Ukipiga fotokopi kutwa nzima, umezalisha na kusambaza nyaraka. Ukikaa tu, umefanya uchunguzi shirikishi. Umeme ukikatika, umejengewa uwezo katika menejimenti ya majanga. Kijana mmoja miaka ya nyuma aliandika kwa siku tatu mfululizo "Hakuna kilichofanyika", na ilibidi tumwite tumuulize kama ana matatizo nyumbani.

Sasa nifungue mlango wa chumba cha ndani kabisa cha elimu yangu: dokezo.

Ukitaka kitu chochote, hata ruhusa ya kuhesabu viti, utaandika dokezo sabili. Litapanda ngazi, na kila ngazi itakuandikia neno moja pembezoni. Maneno hayo ndiyo lugha halisi ya utumishi, na hakuna kamusi iliyowahi kuyatendea haki. "Nimeona" maana yake sijasoma. "Shughulikia" maana yake nimesoma na sitaki kulisikia tena. "Tafadhali shauri" maana yake naogopa. "Hifadhi" ni mazishi ya heshima. "Lipo kwenye mchakato" si neno la kuandikwa, ni la kusemwa kwenye simu, na mchakato, kwa tafsiri yangu ambayo mnaruhusiwa kuinukuu, ni hali ya jambo kutofanyika huku likiwa na watu wanaolifanya.

Kisha kuna "Tuongee". Hilo ni adimu. Mkubwa akiandika "Tuongee", amekuona kama mtu. Amekubali uingie, ukae, na pengine akusikilize. Nimeliona kwenye majalada ya wengine mara chache sana, nikasimama kidogo nikiwa nimelishika. Tuendelee.

Nilitaka kupita moja kwa moja kwenye slaidi, lakini wakuu wa vitengo wameniomba niseme jambo juu ya yaliyotokea mwaka jana, ili yasijirudie. Kwa kweli hawajaniomba. Wametazamana tu nilipolitaja.

Mwaka jana tulipata binti mmoja wa stashahada ya utunzaji kumbukumbu. Simtaji jina, si la kuandikwa kwenye mhadhara. Alikuja na heshima zake zote: anaamkia kila mtu, nguo zake zimetii Waraka Na. 3 wa 2007 wa mavazi ya watumishi wa umma kuliko watumishi wenyewe. Nikamwita ofisini kwangu nikampa mada. Ile ile. Nikampa na taarifa tatu za miaka iliyotangulia azisome, ili aone namna ya kubadilisha mwaka kwenye jalada la mbele bila kugusa kurasa za ndani.

Alizisoma. Hapo ndipo nilipopaswa kushtuka.

Wiki ya pili, badala ya kutafuta barua yake kama wenzake, alikwenda masijala akamwomba Mama orodha ya majalada ambayo hayaonekani. Mama anayo orodha hiyo. Ameibeba kichwani miaka yote na hakuna mwanafunzi aliyewahi kumuuliza, kwa sababu kwenye taarifa zetu Mama huwa ni "mhojiwa namba moja". Yakahesabiwa ishirini na matatu. Kisha binti akamwambia Mama, na hapa nanukuu nilivyosimuliwa: "Mama, twende tukayatafute."

Fikirini. Bila dodoso. Bila sampuli. Bila pitio la machapisho. Wakazunguka wakati wa chakula cha mchana, chumba kwa chumba, Mama mbele kwa sababu hakuna wa kumkatalia, binti nyuma na kalamu. "Shikamoo, samahani, tunaangalia tu juu ya kabati." Mawili wakayakuta kwenye droo, yakiwa na tiketi za basi za Kigoma. Moja lilikuwa uhasibu, limetandikwa chini ya chungu cha maua ili meza isilowe. Mawili yalikuwa kwenye gari la ofisi, nyuma ya kiti, na dereva akasema alidhani ni mali ya gari. Hayo matano.

Kumi na saba yalipatikana katika chumba kimoja, mwisho wa ukumbi, mkono wa kushoto, ambacho kwenye ramani ya jengo kimeandikwa "Stoo ya Shajala", na ambacho kwa bahati ndicho ofisi yangu.

Tafadhali, wakuu wa vitengo, hakuna cha kuchekesha. Mtafiti anahitaji data. Majalada yale niliyachukua mwaka baada ya mwaka kwa ajili ya miradi ya vijana, kama vielelezo vya majalada yanayopotea. Huwezi kuchunguza kupotea kwa jalada huku jalada lenyewe likiwa masijala. Ni mantiki tu.

Jalada la ishirini na tatu halijaonekana mpaka leo. Hilo peke yake ndilo ninaloliheshimu.

Mnadhani aliishia hapo? Jumatatu yake alikwenda dukani akanunua kaunta buku kwa fedha yake. Kwa fedha yake! Tangu 2023 ununuzi wa umma unapita kwenye mfumo wa NeST, kuna wazabuni, kuna hatua, kuna watu wamesomea kazi hiyo, na binti akaingia duka la pembeni kwa Mangi akatoka na daftari. Akalipiga mistari safu tatu: jalada gani, nani kalichukua, kalirudisha lini. Akalifunga kwa uzi kwenye meza ya masijala, kalamu nayo kaifunga kwa uzi. Huwezi kuchukua jalada bila kuandika, kwa sababu Mama anakutazama. Wiki tatu, hakuna jalada lililopotea. Nilimuuliza Mama kama haogopi mustakabali wa taaluma yangu. Akaniambia, "Mwanangu, andika jina lako hapo."

Niliwahi kusikia hoja kwamba kwa kuwa ofisi mtandao imekuja, na madokezo yanapanda kwa kompyuta, haya mambo ya madaftari yamepitwa. Anayesema hivyo aje masijala aone rafu za miaka thelathini zinazosubiri mtu wa kuzipiga skani. Anayesubiri pamoja nazo ni mimi.

Siku ya uwasilishaji ikafika, na sasa tumeingia kwenye sehemu ya slaidi bila kukusudia.

Programu ya PowerPoint iliingia sokoni mwaka 1987, ikitengenezwa na kampuni iitwayo Forethought, na mwaka huohuo Microsoft wakainunua kampuni yote. Waliona mbali. Waliona kwamba siku moja, katika ukumbi wenye mapazia ya kahawia, kijana atahitaji kusoma kwa sauti maneno ambayo wajumbe wanaweza kuyasoma wenyewe. Kanuni yangu ni slaidi arobaini. Ya kwanza nembo ya chuo na ya wakala, zikiwa na ukubwa sawasawa, mtu asilalamike. Tano za utangulizi. Moja ya ramani ya Tanzania, hata kama mradi ni wa chumba kimoja. Nane za nadharia. Matokeo yawekwe kwenye slaidi ya thelathini na nne, wakati ambapo harakati za sambusa zimeanza kusikika nje, na yawekwe kwenye jedwali la herufi ndogo, ukisema "kama mnavyoona". Mapendekezo yawe matatu ya kudumu: Serikali iongeze bajeti, watumishi wajengewe uwezo, na utafiti zaidi ufanyike. Hilo la tatu ndilo zawadi yako kwa kijana wa mwaka ujao.

Fleshi ziwe mbili, kwa sababu moja itakuwa na virusi vya kompyuta ya mapokezi. Projekta ijaribiwe jana yake. Ikigoma kuwaka usiipige; mpishe mtu mwenye cheo aipige.

Wajumbe watauliza maswali, na maswali ni manne tangu uhuru. Kwa nini sampuli ni ndogo? Umetumia nadharia gani? Kwa nini herufi hazionekani? Na mjumbe wa nne, aliyeingia amechelewa, ataomba urudi slaidi ya kwanza. Jibu la yote ni moja: "Nashukuru kwa mchango wako, Mheshimiwa, nimeuchukua." Usiseme unaupeleka wapi.

Binti yule alikuja na slaidi tatu. Ya kwanza orodha ya majalada ishirini na matatu. Ya pili, mahali yalipokuwa, bila jina la mtu, ameandika vyumba tu, na kwa hilo namshukuru hadi leo. Ya tatu, picha ya kaunta buku. Dakika nne, akakaa.

Mjumbe wa kwanza akasema sampuli ni ndogo. Akajibu kwamba si sampuli, ndiyo yote. Wa pili akauliza nadharia. Akafikiri kwa unyenyekevu kabisa, akasema, "Kutafuta, baba." Wa tatu akakosa la kusema, herufi zilionekana. Mwenyekiti akauliza mapendekezo yake ni yapi. Akasema hana, kazi imekwisha.

Hamjawahi kusikia ukimya wa namna ile. Chai ilikuwa imeagizwa kwa saa nne, na ilikuwa saa tatu na dakika kumi. Watu wazima, wenye familia na mikopo, tulikaa dakika hamsini tukitazamana. Mkuu wa kitengo kimoja akaanza kuhesabu vigae vya dari. Alipata B, kwa kukosa pitio la machapisho, nami nilikubaliana na wajumbe. Sikuwa mjumbe, lakini nilikubaliana.

Nimalizie kwa slaidi ya shukrani, ambayo vijana huipuuza. Lakini kabla ya hapo, nieleze jinsi majalada yangu yalivyotoka, maana naona mnanong'ona huko nyuma.

Alikuja na Mama, wakabisha hodi, nikawakaribisha. Kumi na matatu yalikuwa kwenye rafu. Manne yalikuwa chini ya skrini ya kompyuta, kwa sababu skrini ile ilikuwa fupi na shingo ilikuwa ikiniuma. Binti akainyanyua skrini kwa mikono miwili, taratibu, Mama akayatoa manne, na mahali pake binti akaweka tofali. Alikuwa amekuja nalo, amelifunga karatasi ya kaki kama zawadi. Tofali lipo hadi leo, na shingo haijaniuma tena, ingawa hilo haliingii kwenye tathmini.

La chini kabisa kati ya manne lilikuwa jalada la wanaojitolea. Binti akalifungua kuhakiki folio. Folio ya thelathini na moja ilikuwa barua yangu ya Februari 2019, nikiomba kufikiriwa nafasi ya mkataba. Niliiandika, nikaisubiri ijibiwe. Wiki chache baadaye lilikuja kundi la wanafunzi, nikahitaji vielelezo, nikapita masijala jioni nikachukua yaliyokuwa yametoka kwa Mkurugenzi asubuhi ile, kabla Mama hajayapitia. Nilichagua yale manene.

Kwenye upande wa madokezo kulikuwa na mwandiko wa Mkurugenzi wa wakati ule, wino wa kijani. Binti akasoma kwa sauti, kwa sababu mimi sikuwa na miwani. "Huyu kijana aje tuongee. Nafasi ipo hadi Juni." Tarehe kumi na moja Machi 2019. Mkurugenzi yule alistaafu mwaka uliofuata, yuko kwao Songea analima kahawa.

Mama akavuta kiti akakaa. Binti akaniuliza kama nahitaji maji.

Kwa hiyo, vijana wangu, slaidi ya shukrani. Ianze na Mwenyezi Mungu, ifuate menejimenti, wazazi, msimamizi, na mwisho... Ndiyo, dada? Saa nne? Basi waingie, waingie, hotpoti mziweke pale dirishani. Vijana, naomba mwongeze viti. Mhudumu anataka projekta. Chukua, baba, nilikuwa nimemaliza, ilibaki moja tu.

Nisaini? Siku hizi na projekta? Sawa, Mama, naona, umekuja na daftari mwenyewe, na uzi wake. Kifaa: projekta. Aliyechukua: nimeandika. Tarehe ya kurudisha nitakuja kuijaza mchana nikishakunywa chai... Haya. Haya, Mama. Nipe kalamu, naijaza sasa hivi.